Funguo za shangazi na ukurasa wa 61

Swali: "Nina miaka 43, ni karani wa stoo, kazi niliyoifanya kwa miaka 17. Mwaka jana nilianza kuandika riwaya. Nilikwenda kwa kasi hadi ukurasa wa 60, kisha nikakwama. Sasa ni miezi mitano sijaongeza hata aya moja. Nikisoma mahojiano ya waandishi nakata tamaa. Huyu alianza kutunga akiwa na miaka 7, yule kwao vitabu vilijaa kila chumba, mwingine alipitia vita au kifungo. Mimi sikusomea fasihi, nyumbani kwetu hapakuwa na vitabu zaidi ya vile vya shule, na maisha yangu ni ya kawaida kabisa. Ninachoandika ni ugomvi wa baba yangu na shangazi juu ya nyumba ya marehemu babu, ambayo baba aliiuza. Shangazi hakumsamehe, mpaka anafariki alikuwa anatembea na funguo za nyumba ile mkobani. Naogopa ndugu watajitambua. Tena kuna mwandishi mmoja ninayempenda mno, na nikirudia kurasa zangu nasikia sauti yake, si yangu. Je, nisubiri msukumo urudi? Nikasome kozi kwanza? Na siku mchapishaji akiniuliza historia yangu na kilichonifanya niandike, nitamjibu nini?"

Ndugu yangu,

Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili kuna sentensi moja iliyonishika mkono ikanikatalia kuendelea. Nitaifikia. Umeuliza mambo mengi, lakini nikiyakamua naona yamebaki mawili. La kwanza ni kama mtu mwenye maisha kama yako ana haki ya kuandika riwaya. La pili ni kama kuandika unayoyajua ni kutunga, au ni kuanika mambo ya ukoo tu. Hayo mengine, kozi, msukumo, sauti ya mtu mwingine, yananing'inia kwenye haya mawili.

Tuanze na mahojiano, maana yamekuumiza bila sababu. Mwandishi anapohojiwa, riwaya imeshatoka. Anaulizwa alianzaje, naye kama binadamu yeyote anarudi nyuma kuokota yale yanayoelekea kwenye kitabu ambacho tayari kipo. Shairi alilotunga akiwa na miaka 7 analikumbuka. Miaka 10 iliyofuata, ambayo hakushika kalamu isipokuwa kwa kazi za shule, haitaji, kwa sababu haina pa kukaa katika hadithi anayoisimulia. Nimehariri miswada ya riwaya kwa zaidi ya miaka 20. Nimewahi kukaa kwenye hadhara nikimsikiliza mwandishi niliyemhariri akisema kitabu chake kilizaliwa kwenye ngano za bibi yake. Huenda. Miezi 8 niliyofanya naye kazi, bibi hakutajwa hata siku moja. Aliyetajwa kila wiki ni mwenye nyumba aliyemdai kodi mbele ya watoto wake, na ndiye aliyegeuka kuwa mhusika aliye hai kuliko wote kitabuni. Hakudanganya. Aliulizwa swali linalotaka jibu la heshima, akalitafutia jibu la heshima.

Kuhusu umri na kazi, Muhammed Said Abdulla, baba wa hadithi za upelelezi kwa Kiswahili, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1960, akiwa ameshavuka miaka 40. Mariama Bâ wa Senegal alikuwa mwalimu. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa 1979, na yeye alizaliwa 1929, hesabu utaifanya mwenyewe. Siwataji hawa kukuahidi kwamba na wewe utafika walipofika. Wako wengi walioanza wakiwa na miaka 43 na mswada ukafia kwenye droo, na hao hawahojiwi. Nawataja ili uiondoe kwenye orodha yako hofu moja isiyo na msingi, ubaki na zile zenye msingi.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu unaonesha jinsi riwaya ya kwanza inavyokusanya vitu vyake. Agatha Christie, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alifanya kazi kwenye chumba cha kutolea dawa cha hospitali huko Torquay, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kupima na kuchanganya, na sumu zilikuwa zimepangwa kwenye rafu zinazomzunguka. Dada yake alikuwa amemtia changamoto kwamba hadithi ya upelelezi hataiweza. Na mjini mle walikuwa wamefika wakimbizi kutoka Ubelgiji. Ukisoma riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa 1920 baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa, utakuta mauaji ya sumu yaliyopangwa na mtu anayejua dawa, na mpelelezi ambaye ni mkimbizi wa Kibelgiji. Rafu ya kazini, ubishi wa ndugu, wageni mtaani, basi. Hakuna hata kimoja ambacho yeye mwenyewe, siku kinatokea, angekiita msukumo.

Sasa wewe. Unasema maisha yako ni ya kawaida, halafu unaniambia umekaa stoo miaka 17. Ndugu yangu, mtu aliyekaa stoo miaka 17 ameona mengi. Unajua kwenye leja upungufu wa bahati mbaya unafananaje na upungufu wa makusudi. Unajua siku ya kuhesabu mali nani anafika mapema kuliko kawaida yake. Unajua sahihi ya mtu mwenye haraka na sahihi ya mtu anayejifanya ana haraka. Mimi siyajui hayo. Ninayakisia, na huenda hata katika kukisia nimekosea mahali ambapo wewe ungecheka. Hiyo tofauti kati ya kukisia kwangu na kujua kwako ndiyo usuli wa mwandishi. Nimepokea miswada kutoka kwa watu waliopitia vita kweli, na kurasa zikawa baridi kama taarifa ya habari, kwa sababu waliandika vita jinsi inavyozungumzwa na kila mtu. Na nimepokea kurasa 4 kuhusu mwanamke anayesubiri risiti dirishani nikashindwa kuziweka chini.

Nitakueleza kwa nini iko hivyo, maana huu ndio moyo wa jambo. Wengi wanaamini kuna ghala mbili kichwani. Moja ni ya kumbukumbu, imetunza mambo yalivyotokea. Nyingine ni ya ubunifu, nayo wamepewa wachache. Wanaochunguza akili wanatupa picha nyingine. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, alichapisha majaribio ambayo watu walipewa ngano ya jamii ngeni kwao, kisha wakatakiwa waisimulie upya baada ya muda. Yaliyowashangaza waliyaacha au wakayageuza yafanane na wanayoyafahamu. Mitumbwi ikawa mashua. Hawakukusudia kupotosha. Kumbukumbu ilikuwa inaijenga ngano upya kila ilipoitwa, kwa matofali ya msimuliaji mwenyewe.

Mwaka 2007 watafiti wa London walichapisha jambo linaloenda mbele zaidi. Walikaa na watu waliopoteza uwezo wa kukumbuka baada ya kuumia hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo. Waliwaomba wabuni tukio jipya kabisa, kwa mfano wajione wamelala kwenye mchanga wa ufukwe mzuri, waeleze wanachokiona. Wengi wao walishindwa. Vipande vilikuja vimetawanyika, bila mahali pa kukaa. Waliopoteza jana walikuwa wamepoteza pia uwezo wa kutunga kesho.

Kwa hiyo ukikumbuka unajenga, na ukitunga unajenga, na fundi ni yuleyule. Ukiniambia unakumbuka vizuri lakini huna kipaji cha kubuni, ninasikia mtu anayesema anaweza kupanda ngazi ila kushuka hajui. Kinachowatofautisha watu ni matofali waliyonayo, na kama wako tayari kuyapanga namna ambayo hayakupangwa siku ile.

Hapo ndipo kilipo kikwazo chako cha ukurasa wa 60. Sijausoma mswada wako, lakini nimeona mingi iliyosimama karibu na hapo, na mingi ina ugonjwa mmoja. Mwandishi ameandika kila anachokijua. Nyumba, kifo cha babu, kikao cha ukoo, mnunuzi, maneno makali, ukimya. Mambo ya kweli yamekwisha, naye amekaa akisubiri mengine ya kweli yaje. Anauita ukame ule kukosa msukumo. Kumbe amefika mwisho wa ushahidi, na riwaya kwa kawaida ndipo inapoanzia.

Basi turudi kwenye ile sentensi iliyonishika. Umeitupia katikati ya malalamiko, kana kwamba ni jambo dogo: mpaka anafariki alikuwa anatembea na funguo za nyumba ile mkobani. Nyumba imeuzwa. Mnunuzi yeyote mwenye akili hubadilisha kitasa wiki ya kwanza. Shangazi yako alikuwa mtu mzima, hilo alilijua au alipaswa kulijua. Kwa nini basi alizibeba?

Jibu huna. Amekwenda nalo. Lakini angalia kinachotokea ukianza kulitafuta. Tuseme alijua kitasa kimebadilishwa, na alizibeba ili kaka yake azione. Hiyo ni riwaya ya adhabu, na mhusika wake mkuu huenda ni baba. Tuseme hakujua, akaamini siku yoyote anaweza kurudi akafungua. Hiyo ni riwaya ya kujidanganya, na kuna siku lazima mtu amwambie. Tuseme alikwenda usiku mmoja, akaujaribu ufunguo mmoja, na mlango ukafunguka, kwa sababu mnunuzi alikuwa bahili au mzembe. Sasa yuko ndani ya nyumba ya watu, gizani, anajua kila ubao unaolia. Hiyo hata mimi nataka kuisoma. Funguo ni zilezile, riwaya ni tatu, na hakuna hata moja inayohitaji jambo lolote la ziada kutoka kwenye historia ya ukoo wenu.

Ngoja nikuoneshe kwa karibu, kwenye sentensi yenyewe. Mtu anayetoa taarifa angeandika hivi:

"Shangazi alihuzunika sana nyumba ilipouzwa, na hakuacha kubeba funguo zake mpaka alipofariki."

Ni kweli, na haimfanyi msomaji lolote. Sasa hii:

"Kila alipofika mahali akaketi, kwanza aliuweka mkoba mapajani, akaupapasa kwa nje mpaka vyuma vikalia. Vikishalia, ndipo alipoitikia salamu. Baba aliujua mlio ule. Aliinuka akaongeza sauti ya redio."

Mimi shangazi yako sikumjua. Kupapasa mkoba nimekubuni, redio nimeibuni. Neno huzuni sikulitumia, na ugomvi sikuutaja, lakini uko chumbani, umekaa katikati yao. Ungeandika wewe ungepata kitu bora kuliko redio, maana unamjua baba yako anafanya nini mikono yake ikikosa pa kwenda. Hicho ndicho kitu cha kweli unachopaswa kukichukua nyumbani kwenu. Tarehe, bei ya nyumba, nani alisema nini kwenye kikao, vyote vinaweza kubadilika kesho asubuhi na riwaya ikapona.

Hapa ndipo hofu yako ya ndugu inapoingia, nayo ni hofu yenye msingi. Sitakuambia usijali. Waandishi wa mara ya kwanza hudhani kubadilisha majina kunatosha. Hakutoshi. Kinachomtambulisha mtu ni mkusanyiko: mjane, ana jicho moja bovu, alikuwa mkunga, aligombana na kaka yake juu ya nyumba. Ukibadilisha jina ukayaacha hayo manne, umembadilishia kofia tu. Na lile tamko la mwanzoni mwa kitabu kwamba wahusika wote ni wa kubuni, usilitegemee kama ngao. Mahakama huangalia kama msomaji wa kawaida anayemfahamu mtu yule angemtambua.

Balaa ni kwamba kitu kinachoitambulisha familia yenu kuliko vyote ni hizohizo funguo. Kila ndugu aliyewahi kukaa karibu na shangazi atazisikia zikilia kwenye ukurasa wa kwanza. Una njia mbili. Ama uwaache watu kama walivyo utupe funguo, uwape kitu kingine, ama ubaki na funguo ubadilishe watu wote wanaozizunguka. Mimi ningebaki na funguo bila kusita. Mpe mwanamume azibebe. Muuzaji asiwe kaka, awe mke wa pili, au mtoto aliyelelewa pale. Jambo lililouzwa si lazima liwe nyumba. Fikiria ofisi, mashua, chumba cha duka. Utashangaa: ukishabadilisha uhusiano mmoja tu, mhusika anaanza kujibu maswali kwa namna ambayo shangazi yako asingejibu, na woga unapungua wenyewe kwa sababu hata wewe humwoni tena shangazi pale.

Kuwaonesha ndugu mapema sikushauri. Rasimu ya kwanza ni mahali pa kukosea, na mtu akisoma kosa lake mwenyewe ndani yake hatalisahau hata ukilifuta. Maliza kwanza. Baada ya hapo, kama kuna mtu mmoja ambaye uhusiano wenu una thamani kuliko sura fulani ya kitabu, mfuate yeye peke yake, umweleze kwa mdomo kabla hajasikia kwa wengine. Anaweza kukasirika. Nimeona ndugu waliosusiana miaka kwa kitabu, nimeona pia mtu aliyekasirika kwa sababu hakuwekwa. Nani atakuwa yupi, hata mimi siwezi kukutabiria.

Mwanasheria utamwona wakati gani? Ukiwa umemhusisha mtu aliye hai na kosa la jinai, wizi, kughushi hati ya nyumba kwa mfano, na mtu huyo anatambulika. Ukiwa umenakili barua za watu au kumbukumbu za kikao neno kwa neno. Kesi ya mirathi ikiwa bado iko mahakamani. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, marehemu hawezi kukashifiwa kisheria, hivyo shangazi mwenyewe hana kesi. Baba na mnunuzi, kama wako hai, wanaweza kuwa nayo. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo peleka kurasa zenyewe kwa mtu aliyesomea, akae nazo mezani. Jibu langu hili lisiwe kinga yako.

Na kuna msaada mwingine ambao waandishi huona aibu kuutaja. Ukiona kila ukikaa kuandika habari ya shangazi unashindwa kulala, unalia mpaka siku inayofuata, au ugomvi ule unakurudia kana kwamba uko mbele yako, weka mswada pembeni umwone mshauri nasaha. Kuandika juu ya msiba ambao haujatulia kunaweza kufungua kidonda bila kukifunga, na riwaya haina haraka hiyo.

Kuhusu sauti ya mwandishi unayempenda: hilo ndilo dogo katika yote uliyotaja, ingawa najua kwako linaonekana kubwa. Mtoto hujifunza kusema kwa kuiga mlezi wake na hakuna anayemshitaki. Hakimiliki hulinda maneno na namna yalivyopangwa, hailindi wazo wala mwendo wa sentensi. Kama hujanakili aya zake, hujaiba. Ila ni kweli mhariri atausikia mwangwi, kwa hiyo fanya hivi. Chukua ukurasa wake mmoja uunakili kwa mkono, polepole, kwa matumizi yako mwenyewe. Mkono utakuonesha kile ambacho jicho lilipita juu yake: labda hamalizi aya bila methali, labda kila mhusika wake akiingia anaelezwa viatu kwanza. Ukishaujua ujanja wake kwa jina, utauona kwenye kurasa zako na utaweza kuuondoa. Mwandishi mmoja niliyemhariri aligundua kwamba alichoiga chote ni mahali pa kuweka nukta. Kisha, kwa miezi kadhaa, msome mtu mwingine, ikiwezekana wawili wasiofanana. Anayekunywa kisima kimoja tu ndiye anayesikika kama kisima kile. Na usilifanye hili sasa. Lifanye kwenye rasimu ya pili. Rasimu ya kwanza iache iimbe kwa sauti yoyote mradi ifike mwisho.

Nikasome kozi kwanza? Hilo neno "kwanza" ndilo linalonitia shaka. Kozi nzuri inakupa vitu viwili ambavyo ni vigumu kujipa: tarehe ya kuwasilisha, na watu wasio ndugu zako wanaosoma kazi yako mbele yako. Itakufundisha pia kuona nafsi ya msimulizi inapoyumba, na hilo ni la maana. Haitakupa ruhusa, na wewe nahisi ndiyo unayoitafuta. Kama una muda na fedha, nenda, lakini nenda na mswada mkononi. Kama huna, tafuta watu watatu wanaoandika, mkutane mara mbili kwa mwezi, kila mmoja na kurasa 5. Mhariri wa kulipwa msubirishe mpaka rasimu nzima iwe imekamilika. Kumlipa mtu apitie kurasa 60 za kitabu ambacho hakijajua kinakwenda wapi ni kupiga rangi ukuta ambao huenda ukaubomoa. Na mchapishaji akikutaka wewe ulipe ili akuchapishe, soma mkataba mara tatu.

Msukumo usiusubiri. Siusemi vibaya, upo, nimeuona kwa watu. Ila huwa unafika mezani ukikuta mtu ameshakaa. Aliyeandika jana usiku analala na mhusika kichwani, na asubuhi akiwa anaoga sentensi inakuja. Aliyekaa miezi mitano bila kuandika hana mhusika wa kulala naye. Nusu saa kwa siku inatosha kumweka mhusika joto, hata zikitoka sentensi 4 na 3 zikafutwa.

Halafu umeuliza utamwambia nini mchapishaji. Wasifu wa mwandishi mpya ni mistari michache, huandikwa kwa nafsi ya tatu, na kosa linalofanywa na wengi ni kuomba radhi ndani yake: "ingawa hakusomea fasihi, amekuwa na mapenzi ya kuandika tangu utotoni." Hilo ondoa lote. Ningekuwa wewe ningeandika: "Ni karani wa stoo. Kwa miaka 17 amekuwa akihesabu mali za wengine na kuandika kinachopungua. Hii ni riwaya yake ya kwanza." Mhariri akisoma hayo na kitabu kinahusu kitu kilichopungua ukooni, atainua macho.

Swali la kilichokusukuma lichunge zaidi. Wapo wanaofanya kazi ngumu ya miaka 2 kuwaficha ndugu zao ndani ya riwaya, kisha siku ya uzinduzi wanashika kipaza sauti na kusema, "Hii ni hadithi ya kweli ya shangazi yangu." Kila walichokificha kimeanikwa kwa sentensi moja, tena mbele ya mashahidi. Jibu lako liandae mapema, liwe la kweli na lisiwe na mtu ndani yake: ulijiuliza kwa nini mtu abebe funguo za mlango usiofunguka tena. Wakikubana zaidi, rudia hilohilo.

Sasa ukurasa wa 61. Usiurudie ule wa 60 kuusoma. Acha nyumba ya babu, acha kikao, acha baba. Hamia kwa mtu ambaye humjui kabisa, aliyenunua. Yuko ndani, usiku, taa amezima, bado hajazoea milio ya nyumba hii. Anasikia nje vyuma vikigongana, kisha kitu kinaingizwa polepole kwenye tundu la kitasa, na aliye nje hagongi hodi. Andika anachofanya huyo aliye ndani, kabla hujaamua kama mlango utafunguka.